Gia Ndani, Breki Chini

Baba yetu alifundisha watu udereva mpaka alipostaafu, na juu ya kuegesha gari alikuwa na imani moja tu: gia ndani, breki ya mkono iache ipumzike. Breki ya mkono, alisema, ni waya, na waya hulegea bila kuaga. Gia ni chuma kilichoumana na chuma. "Gia ndani, roho kwatu," alituambia mimi na kaka kila tulipozima injini. Kaka alipopata gari lake akaasi. Akawa mtu wa kuvuta breki ya mkono na kuacha gia nyutro, pale katikati ambapo gari haliko kwenye gia yoyote. Siku ya harusi yake walibishana juu ya hilo mpaka mpiga picha akawaomba wafunge midomo kidogo.

Kwa hiyo gari la baba lilipoondoka lenyewe mbele ya nyumba, likashuka mteremko na kupinda geti la fundi cherehani wa upande wa pili, nilitegemea ubishi wa mwaka. Wiki ile uani palikuwa na lundo la mchanga, ndiyo maana aliegesha barabarani. Kaka, aliyekuwa amekuja kutusalimia, ndiye aliyewahi kulifikia. Aliingia, akaangalia, akatoka amepoa.

"Breki ya mkono iko chini," alisema. "Hiyo sishangai, baba haivuti. Lakini na gia iko nyutro. Baba, uliliacha hivihivi."

"Niliweka rivasi," baba alisema. "Pua ikitazama chini, unaweka rivasi."

"Nimeishika kwa mkono wangu. Nyutro."

Baba alilitazama gari. Halafu akasema, "Basi nitakuwa nimesahau."

Hapo ndipo nilipoogopa. Baba hakuwahi kumwachia kaka ushindi hata wa karata. Tena sote tulijua alichokuwa anakiwaza. Baba mkubwa alianza hivyohivyo: kwanza sufuria jikoni, kisha mlango wa nje, kisha majina ya watoto wake mwenyewe, mpaka mwisho akawa anamkaribisha mkewe kama mgeni. Kaka alichukua ufunguo wa gari na kutafuta daktari wa kumpima baba kumbukumbu. Baba akakubali yote bila kutia neno. Akawa anashinda sebuleni, mikono magotini, na ukimuuliza kama ameshakunywa chai alifikiri kwanza.

Mimi kazi yangu ni kupima watu macho. Kutwa nzima nawauliza, "Unaona vizuri hivi, au hivi?" na nimezoea kutoliamini jibu la kwanza. Watu si waongo, ila jicho lina haraka. Halafu mimi ni mdadisi. Kaka husema ni umbea tu uliovaa koti jeupe. Nikavuka barabara kwenda kuomba radhi kwa ajili ya geti, na moyoni nilijua nakwenda kupeleleza.

Fundi cherehani alikuwa anapachika zipu. Alinisikiliza bila kuinua macho.

"Geti litanyooshwa, mwanangu, wala usijisumbue. Mimi kilichonishangaza ni gari lenyewe."

"Lilikuja kwa kasi sana?"

"Kasi ya wapi? Lilikuwa linasitasita. Linasogea, linasimama. Linasogea tena, linasimama. Nilidhani kuna mwanafunzi ndani, nikasema moyoni, kumbe Mwalimu amerudi kazini. Limeshafika getini ndipo naona usukani hauna mtu."

"Lilisimama kabisa, mama, au lilipunguza mwendo?"

"Lilisimama. Nilipata nafasi ya kung'ata uzi."

Nilirudi nyumbani nikiwaza. Gari lililo nyutro kwenye mteremko halisiti. Likishaanza limekwenda, na linaongeza. Kama hili lilisita, basi kilikuwepo kitu kilicholishika, kikaliachia, kikalishika tena. Lakini kaka aliikuta nyutro, na kaka ana makosa mengi ila uongo si mmojawapo. Usiku ule nilijigeuza kitandani nikijaribu kuwaamini wote wawili, fundi na kaka.

Jumamosi kaka alipokuja nilimwomba ufunguo. Gari lilikuwa limerudishwa mbele ya nyumba, bado barabarani, breki ya mkono imevutwa, mawe mbele ya magurudumu. Niliingia peke yangu, nikatia rivasi, nikatoka. Kisha nikamwita.

"Kaka, hebu ingia uniangalizie gari liko kwenye gia gani."

"Wewe huna mikono?"

"Ingia tu, kaka yangu."

Aliingia shingo upande. Nami nikasimama dirishani, sikumtazama usoni, nilimtazama mguu na mkono. Kabla hajakaa sawasawa, mguu wa kushoto ulikandamiza klachi, mkono ukaichomoa gia, ukaileta katikati na kuitikisa huku na huku. Ndipo akainamisha kichwa kuangalia.

"Nyutro," alisema.

"Niliiweka rivasi sasa hivi."

"Acha mchezo."

"Kaka, tazama mguu wako ulipo."

Akatazama. Ulikuwa bado juu ya klachi. Sote tulifundishwa hivyo na baba, tangu siku ya kwanza: kwa kuwa yeye huacha gari kwenye gia, asiyeanza kwa kutoa gia ataliwasha likiwa kwenye gia, nalo litaruka naye hadi ukutani. Kanyaga, toa, tikisa. Mimi mwenyewe hufanya hivyo hata kwenye gari la mtu. Kaka aliasi mambo yote ya baba, lakini mguu wake haukuwa na habari ya uasi.

Akauondoa mguu taratibu. "Kwa hiyo siku ile…"

"Sijui," nilisema. "Labda uliitoa wewe. Labda ilikuwa imeshatoka. Na kama ilikuwa ndani, ilikuwaje likashuka? Hilo ndilo linaloninyima usingizi."

Tukamwita baba. Alikuja taratibu, akiwa na viatu vya ndani, na nilipomweleza tunachotaka kufanya alitikisa kichwa. "Mwanangu, usinitafutie sababu. Nimeshakubali."

"Sikutafutii wewe, baba. Najitafutia mimi."

Kaka alisogeza mawe chini kidogo, mbali na geti, ili gari likishuka lisifike. Nikatia rivasi, nikazima, nikaishusha breki ya mkono na kutoka. Gari likasimama. Tukasimama nalo. Fundi cherehani alitoka na kitambaa begani akaegemea geti lake lililopinda. Muda ukapita, mpaka nikaanza kuona haya. Kaka alinitazama kwa huruma, na huruma yake ilinikera kuliko kicheko.

Kisha gari likasogea. Upana wa kiganja, likasimama.

Baba alikuwa ameanza kugeuka. Akarudi.

Likasogea tena, likasimama. Baba aliinama mbele ya gari, akatega sikio kwenye boneti. Ndani yake kulisikika mlio mdogo, kama mtu anayetoa pumzi kwa meno yaliyofungwa, kisha kimya, kisha gari likajongea kiganja kingine. Alisikiliza mpaka magurudumu yalipogusa mawe. Aliponyooka, macho yake yalikuwa yale ya zamani, ya mwalimu aliyemkamata mtu kosani.

"Injini imezeeka," alisema. "Gia imeshika, lakini gia inaegemea injini, na injini haina pumzi ya kuzuia. Hewa iliyobanwa ndani inavuja kidogo kidogo. Inaachia kila inapovuja." Akampiga kaka kofi la begani. "Ningevuta breki ya mkono, lisingeondoka."

Kaka alikuwa amesubiri sentensi hiyo tangu ujana wake. Nilimwona akiipokea, na nilimwona asijue aiweke wapi.

"Ina maana nilikosea," baba alisema. Alisema kwa sauti ya chini, akionja neno, kisha akalirudia kwa nguvu hadi fundi cherehani akacheka. "Nilikosea. Miaka yote nimewafundisha watu nusu ya jambo. Gia peke yake haitoshi, weka gia na uvute breki. Sikusahau. Nilikosea tu."

Sijapata kumwona mtu aliyefurahia kukosea kiasi kile. Alicheka, kisha kicheko kikamgeukia, akashika ukingo wa boneti kwa mikono miwili.

"Tangu siku ile," alisema, "kabla sijalala nayataja majina yenu. Yenu, na ya wajukuu, na la mama yenu. Nayataja yote, halafu nayarudia, nisije nikaamka nikakuta hayapo."

Mimi nililia palepale barabarani, wala sikujificha. Kaka alizunguka gari, akamfungulia baba mlango wa dereva.