Asante ya Malezi

Nikolao alimaliza kupiga pasi sare ya Maryam, akapuliza majivu yaliyodondokea ukosi. Shule zilikuwa zimefungwa, ila mtoto hakuwa na nguo nyingine ya kuendea ofisini. Wakala kiporo cha ming'oko, vile viazi vya porini, wakachukua begi la Maryam, wakafunga mlango, wakashika njia ya kutoka Mkunya kwenda Newala mjini.

Swaumu, mama yake Maryam, alifariki masika yaliyopita. Alikuja kwa Nikolao na mtoto mgongoni, hajaota hata jino, na baba mtu hajulikani alikoishia. Waliishi pamoja miaka kumi bila ndoa: padri alitaka Swaumu abatizwe, shehe alitaka Nikolao asilimu, nao wakaona heri wapalilie mikorosho yao. Kijiji kizima kilimwita Baba Maryam, wala hakuna aliyedai cheti. Sasa Hamudi wa Nanganga, kaka wa marehemu, anamtaka mpwa wake. Kwa mila ya huku mtoto ni wa ukoo wa mama. Nikolao aliijua mila hiyo vizuri, na ilimuuma vilevile.

Kwenye ofisi ya ustawi wa jamii walimkuta Hamudi keshafika, na jogoo amefungwa miguu pembeni yake.

"Nataka kumwasili huyu mtoto," Nikolao alimwambia ofisa, Bi Julia. "Awe wangu kisheria."

"Mlifunga ndoa na marehemu?"

"Hapana."

"Basi uko peke yako. Na mwanamume peke yake kuasili mtoto wa kike, mahakama inataka sababu nzito kweli."

"Nimemlea mimi, mama."

"Najua, mzee wangu." Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomchosha Nikolao; mtu akikufokea, angalau unajua pa kujibia. "Mahakama inaweza kuwahesabu kuwa mlioana, kwa vile mliishi kama mume na mke. Lakini mpaka ufungue shauri. Kwa leo, ndugu ni mjomba, na mtoto ataondoka naye."

"Basi niandike baba wa kambo."

"Baba wa kambo ni yule aliyemwoa mama."

Maryam alimvuta shati. "Baba, nakwenda siku ngapi?"

Nikolao alimweka sawa ukosi wa sare. Hamudi, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamsogeza jogoo. "Shemeji, hii ni asante ya malezi. Pokea, tusiachane vibaya."

"Umeniitaje?"

"Shemeji. Kwani nimeanza leo?"

Nikolao akamgeukia ofisa. "Umesikia, mama? Huyu ndiye shahidi wangu wa kwanza." Kisha akamrudishia Hamudi jogoo wake. "Utakuja kusema hivyo mahakamani?"

Hamudi alimbana jogoo kwapani. Akachukua begi la Maryam, akamshika mtoto mkono.

"Haya, Mzee Nikolao," alisema mlangoni. "Tutaonana."