Stelingi wa Lufingo

Kijijini Lufingo, jeneza la Lusungu lilikuwa ukingoni mwa kaburi tangu saa nane, na sasa saa kumi inapita. Jotham, kaka wa marehemu, alisimama ameegemea jembe. Siku tatu hajalala: hospitali na dada yake, walikoambiwa dawa siku hizi mkanunue dukani, wakubwa wameamua, kisha kuchimba, kisha huyu shemeji.

Huyu shemeji, Meshaki, alikuwa migombani akifanya mazoezi ya kuingia kwenye mazishi ya mke wake.

Alikuwa karani wa chama cha ushirika, mpaka wakubwa walipowafungulia mlango wanunuzi binafsi wa kahawa na chama kikafa. Tangu hapo alishinda kwenye banda la video mjini Tukuyu, akatoka na uhakika kwamba yeye ni stelingi, yule shujaa wa sinema, ila nchi haijamwona. Leo amemleta Nurdin, mpiga video za harusi.

"Shemeji," Jotham alimfuata, "mvua hiyo inashuka. Mchungaji anangoja utie udongo wa kwanza."

"Stelingi haingii mwanzoni. Watu walie, wakate tamaa, ndipo nitokee."

"Wamelia tangu juzi. Sauti zimekauka."

"Walie tena! Juzi kamera haikuwapo." Akavaa miwani ya jua, ndani ya ukungu ule. "Nurdin, nianzie miguuni."

"Mzee, kwetu Waislamu maiti hacheleweshwi hivi."

"Ndiyo maana ninyi hamna sinema."

Jotham akarudi kaburini. Maji yalishaanza kutuama shimoni.

"Teremsheni."

"Na mume?" mchungaji aliuliza.

"Mume yuko kazini."

Hakuna aliyecheka. Jotham akachota udongo wa kwanza, ule ambao ni wa mume, akautupa yeye. Mikono ya watu ikafuata, kisha majembe.

Tuta lilikuwa limekwishainuka Meshaki alipotokea migombani, polepole, koti begani, kidevu juu. Akasimama. Akavua miwani.

"Nani kawaambia mwanze? Fukueni, turudie!"

Jotham alitafuta hasira, akakosa hata nguvu ya kukasirika. Akamkabidhi jembe.

"Fukua mwenyewe, shemeji."

Meshaki akalipokea, akageuka kutazama kamera. Nurdin alikuwa ameishusha, anaifunika isilowe. Watu walikuwa wanaondoka mmoja mmoja kutafuta pa kujikinga.

"Lusungu," Meshaki aliita, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeuliza chai iko wapi.