Kitovu cha Mbuzi wa Mama Mbonea

Usiku wa jana nililala na hasira, nikaota kwa hasira. Nikishaanza kusimulia sitaki kukatizwa.

Kikundi chetu cha akina mama hapa Usangi kina sharti moja. Ukipewa mbuzi wa maziwa, mtoto wake jike wa kwanza unampa anayefuata kwenye zamu. Dume ni wako. Mwenye mbuzi ni jirani yangu, Mama Mbonea. Anayefuata ni mimi, Mama Elineema. Banda nilijenga mwaka juzi, na mpaka leo wanalala kuku. Yule mbuzi amezaa mara tatu, na mara tatu nimeambiwa, "Pole mwenzangu, dume tena." Huyu wa tatu kazaliwa Jumatatu. Nilipotaka kuinua mkia wake nitazame, nikaambiwa mkia unamuuma. Mkia, jamani!

Basi ndotoni niko kwa Mama Mbonea, mchana kweupe. Amempakata mtoto wa mbuzi, kamgeuza tumbo juu.

"Jionee mwenyewe," anasema. "Ile pale si ya dume?"

Katikati ya tumbo pana kikonyo cheusi, kikavu. Kimevaa koti.

"Habari za asubuhi," kikonyo kinasema. "Mimi ndiye ushahidi wa dume."

"Wewe ni kitovu."

"Nimeteuliwa."

"Kitovu hata jike anacho! Hata mimi ninacho!"

"Basi na wewe utaandikwa," kinasema, na kinatoa kalamu mfukoni.

Sasa tuko zahanati. Hakuna aliyetembea, ni kuta tu zimekuja. Mezani amekaa mwenyekiti wetu, Mama Kiangi, na muhuri mkononi. Mbele yake kuna foleni. Anapita kuku.

"Wa Mama Mbonea?"

"Ndiye."

"Dume." Muhuri, pa! Kuku anataga palepale mezani, na yai nalo linapigwa muhuri. Anafuata Mbonea mwenyewe, yule binti, ana mimba ya miezi minane.

"Dume."

"Asante," anasema Mbonea, anashika kiuno na kwenda zake polepole.

Zamu yangu. Muhuri, pa! Napapasa kidevu, nakuta ndevu. Jamani, nilichemka.

"Mama Kiangi, si wewe uliyenishika mkono nikimzaa Elineema?"

"Nakumbuka sana," anajibu. "Kwa mwanamume, ulijitahidi."

"Inueni mkia!" nikapiga kelele mpaka madirisha yakatetemeka. "Mkia uko hapohapo nyuma, hauhitaji nauli!"

Wote wanatazama dari, hata Mama Mbonea, bado kampakata mtoto wa mbuzi. Nauinua mwenyewe. Chini ya mkia kuna mlango, na mlango una kufuli. Ufunguo umefungwa kwenye pindo la kanga ya Mama Mbonea.

"Unamuuma," anasema Mama Mbonea, mkavu kabisa.

Hapo mtoto wa mbuzi ananigeukia.

"Mama Elineema, naomba unishushe. Nimebanwa na mkojo tangu Jumatatu. Huyu hanishushi, anaogopa watu wataona."

Nikaelewa. Dume hukojoa amesimama, mkojo ukadondoka chini ya tumbo, katikati ya miguu minne. Jike huchutama, mkojo ukabaki nyuma ya kwato. Huku kwetu hilo hata mtoto wa chekechea analijua, sembuse mwenyekiti.

"Asishushwe!" kitovu kinapayuka, jasho linakitoka. "Hakuna kibali!"

Nikampokonya. Katika kuvutana kitovu kikakatika, kikabingirika chini ya meza na koti lake, bado kinasema kimeteuliwa. Nikamweka mbuzi sakafuni. Anatazama huku na huku, kisha anatikisa kichwa.

"Hapa sikojoi," anasema. "Hawa hata wakiona wataandika dume. Nitakuja kukojoa kwako."

Akatoka. Mama Kiangi akapiga mlango muhuri.

Nikaamka, kumepambazuka. Kitu cha kwanza nilishika kidevu, hakina ndevu. Mlango una komeo vilevile nilivyouacha. Sakafu yangu ni ya udongo, na niliifagia vizuri kabla ya kulala.

Kando ya kitanda kuna alama nne za kwato, ndogondogo, hazizidi kidole gumba. Na pamelowa. Nikapiga magoti nikanusa, ni mkojo wa mbuzi. Nikatazama katikati ya zile alama: pakavu. Nyuma ya kwato ndiko kulikolowa.

Kuku nimeshawatoa bandani. Kamba hii hapa mkononi. Namsikia Mama Mbonea anafagia uwanja wake huku anaimba. Aimbe tu, naja.