Kichwa cha Plagi Mfukoni

Watu walimwita Shoti kwa utani tu, maana katika miaka ishirini ya ufundi umeme hakuwahi kumuunguzia mtu hata balbu. Mchana huo alikuwa juu ya ngazi, anafunga taa kwenye duka la nguo. Akatia mkono mfukoni kutafuta skrubu, akaibuka na kichwa cha plagi chenye miguu miwili bapa. Alikikata mwenyewe asubuhi.

Shemeji yake aliyeko ng'ambo alikuwa amemtumia mama yake mzazi, mama mkwe wa Shoti, mashine ya kumsaidia kupumua, na plagi yake ikagoma kuingia ukutani. Sasa Shoti na chumba cha mama mkwe wapi na wapi? Mkwe mwenye adabu zake huishia sebuleni. Mkewe akamtolea waya peke yake, yeye akakata kichwa cha kigeni, akafunga chetu cha miguu mitatu, akaenda zake kazini. Mashine yenyewe hakuiona.

Akakigeuza kile kichwa. Kimeandikwa volti 125.

Ukutani kwa mama mkwe zinatoka mia mbili na arobaini. Ile miguu bapa ilikuwa inakataa kwa sababu, naye, fundi mzima, kaikata na kuitia mfukoni.

Akampigia mkewe. "Mashine umeichomeka?"

"Zamani. Mama nimemvalisha barakoa, swichi nimewasha, tunasubiri umeme urudi tu. Mimi nimetoka, niko duka la dawa."

"Nani yuko naye?"

"Yuko peke yake. Kwani vipi?"

Shoti alishateremka ngazi, anakimbia. Umeme ukirudi, ile mashine itawaka moto pembeni ya uso wa mama wa watu. Kila nyumba aliyoipita aliitupia jicho taa ya barazani: bado, bado. Maisha yake yote amekula kwa umeme, leo anauombea ufe. Aliogopa, jamani, machozi yakimtiririka na wapita njia wakimshangaa.

Kwenye mlango wa chumba cha mama mkwe akasita. Miaka kumi na moja hajavuka kizingiti kile, na hata hapo, na roho iko mkononi, aibu ikamshika mguu. Kisha akausukuma mlango. Mama mkwe alikuwa kitandani, kichwa wazi, barakoa usoni. Akajivutia shuka haraka. Shoti aliikodolea macho soketi tu. Akaing'oa plagi kwa nguvu hata akaanguka nayo.

Jikoni friji ikaanza kunguruma.

Shoti alikaa pale pale sakafuni na waya mkononi, akaeleza yote bila kuinua macho. Mama mkwe alishusha barakoa, akamsikiliza mpaka mwisho huku akihangaika na pumzi yake.

"Mwanangu," akasema, "si ungeingia tu asubuhi."