Tuta la Asparaga la Wilf Sugden

Hilary Sugden alirudi kutoka kwa binti yake Jumatatu asubuhi, na kabla hata hajafungua begi la safari alivaa buti zake za mpira akapanda kilima kwenda bustanini. Alikuwa hayupo siku kumi, na siku kumi za mwisho wa Machi si mchezo. Ukigeuza kisogo tu, magugu yanakuwa yameshakupita.

Bustani za Hollin Bank ziko juu ya reli, nyuma ya mji: vitalu arobaini na vitatu vya kukodi, kila kimoja na kibanda chake cha mbao na pipa lake la maji ya mvua. Hilary na mumewe Wilf walikuwa wamelima kitalu namba kumi na saba kwa miaka ishirini na miwili. Wilf alifariki Novemba, akiwa jikoni, birika likichemka. Wengi walidhani mjane huyo wa miaka sabini na moja ataacha kulima. Hakuacha. Mwanzo wa Machi, udongo ulipoacha kunata kwenye buti, alishika uma wa kulimia akageuza nusu yote ya juu peke yake, akipumzika kila mistari miwili. Akamwaga samadi. Akapanda vitunguu mistari minne na maharage mapana mistari miwili. Viazi vya mbegu aliviacha nyumbani dirishani, kwenye trei za mayai, vitoe macho.

Nusu ya chini hakuigusa, kwa sababu huko kulikuwa na asparaga, mboga inayoliwa vichipukizi vyake.

Ukipanda mizizi ya asparaga, mwaka wa kwanza hukati, mwaka wa pili hukati, unapalilia na kulisha tu. Majani yake hufyekwa vuli inapokwisha, na tangu hapo hadi Aprili hakuna kinachoonekana juu ya ardhi isipokuwa tuta tupu. Mwaka wa tatu ndipo vichipukizi vinene vinapotoka, ukavikata, ukavichemsha kidogo na kuvipaka siagi. Wilf alikuwa amepanda mizizi kumi na miwili. Huu ulikuwa mwaka wa tatu.

Hilary alipofika alikuta kamba imefungwa katikati ya kitalu, kutoka uzio hadi uzio. Upande wa chini wa kamba alikuwepo mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kavaa koti la mvua la manjano, anachimba. Alikuwa ameshachimba karibu kote.

Mwanamke yule akainua uso akatabasamu. "Habari za asubuhi, mama. Naweza kukusaidia?"

Hilary anaulizwa kama anaweza kusaidiwa, naye amesimama kwenye kitalu chake!

"Unafanya nini hapa?" akauliza.

"Kitalu kipya. Yaani nusu. Nimepewa wiki iliyopita." Yule mwanamke akapangusa mkono kwenye suruali akaunyoosha. "Naitwa Roshni. Nimengoja kwenye orodha miaka sita, huwezi kuamini. Ila kilikuwa na magugu ya ajabu, mama! Mizizi kama pweza. Nimeshinda Jumamosi nzima nikiing'oa."

Hilary hakuushika ule mkono. Alikuwa anatazama rundo karibu na uzio. Mizizi ilikuwa imelala pale juu ya majani makavu, mirefu, ya rangi ya nyama, baadhi imekatwa katikati na sepeto.

"Hayo si magugu," akasema. Sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka. "Hiyo ni asparaga. Mume wangu aliipanda."

Roshni akageuka akatazama rundo, akarudi kumtazama Hilary, na rangi ikamtoka usoni. "Mungu wangu. Waliniambia hakina mtu."

"Nani alikwambia?"

"Katibu. Bwana Desmond."

Hilary akageuka, akaenda kumtafuta.

Desmond Crabtree alikuwa katibu wa bustani kwa miaka kumi na miwili, mtu mrefu asiyeachana na ubao wake wa kubania karatasi hata akienda kumwagilia mboga zake. Hilary alimkuta anapaka rangi mlango wa banda la mikutano.

"Umegawa kitalu changu."

"Hilary! Karibu. Pole na safari." Hakuacha kupaka. "Barua ililetwa. Tarehe tatu Februari. Siku ishirini na moja za kujibu, na hakuna aliyejibu."

"Sijapata barua."

"Iliandikwa kwa mwenye mkataba."

"Mwenye mkataba ni Wilf."

"Ndiyo."

"Wilf amekufa, Desmond!"

"Kwa mujibu wa daftari langu..."

"Ulikuwepo mazishini! Ulikaa safu ya pili! Ulikuja nyumbani kwangu ukala vipande vitatu vya pai ya nguruwe, niliona kwa macho yangu, halafu unakwenda unamwandikia maiti barua, unamtaka ajibu?"

Desmond akaweka brashi chini, akasafisha koo. Utaratibu, alisema, hauangalii uso wa mtu. Alikuwa amekagua vitalu vyote katikati ya Januari, akapiga picha, na nusu ya chini ya namba kumi na saba ilionekana wazi haijalimwa. Kamati ilikuwa imekubali.

"Januari," Hilary akasema. "Nani hapa analima Januari? Wewe uliotesha nini Januari?"

"Hebu tusipandishe sauti."

"Mimi nitaipandisha mpaka mjini wanisikie."

Nyumbani alifungua droo alimokuwa anatia barua za Wilf, zile ambazo hakuwa na moyo wa kuzifungua. Barua ile ilikuwa ya tatu kutoka juu. *Mpendwa Bwana Sugden, tunasikitika kukuarifu.* Aliisoma amesimama, akaisoma tena, kisha akaketi akalia kwa hasira, kilio cha mtu anayetaka kuvunja kitu asijue avunje nini. Tangu Novemba hakuwa amelia hivyo.

Alfajiri iliyofuata alirudi na ndoo na magunia yaliyoloweshwa maji, kuokoa kitakachookoleka. Roshni alikuwa ameshafika. Alikuwa muuguzi, ametoka zamu moja kwa moja, na alikuwa amepiga magoti anachambua lile rundo, mizizi mizima upande mmoja, iliyokatika upande wa pili.

"Najua hutaki kuniona," akasema. "Nikimaliza hii naondoka."

Hilary alitaka kumwambia aondoke hapo hapo. Lakini Roshni alikuwa anaishika ile mizizi vizuri, taratibu, kama inaumwa. "Usiiache juani," akasema. "Ifunike na gunia."

Wakachambua rundo lote pamoja. Kati ya mizizi kumi na miwili, saba ilikuwa mizima.

Alwyn, mchimba makaa ya mawe mstaafu aliyelima namba kumi na nane, akaegemea uzio na kikombe chake cha chai. "Nilimwambia Desmond," akasema. "Nikamwambia, mama huyu yupo, kaenda kumwona mjukuu. Akanijibu karatasi ndiyo inayosema. Sasa sikia, Hilary. Jumamosi saa nne kuna mkutano wa wanachama. Njoo. Na hiyo iliyokatwakatwa usiitupe."

Jumamosi banda lilijaa, watu wamekaa hadi kwenye mifuko ya mbolea. Desmond akafungua karatasi zake. "Ajenda ya kwanza, bomba la maji la upande wa mashariki."

"Ajenda ya kwanza ni hii," Hilary akasema, akapita katikati ya viti na kuiweka ndoo juu ya meza, juu ya karatasi. Udongo ukamwagika. Mizizi mitano iliyokufa ikaning'inia ukingoni.

"Hilary, tafadhali, kuna mahali pa mengineyo, mwisho kabisa."

"Miaka ishirini na miwili nimelima hapa. Nimemwaga jasho sawasawa na Wilf, wengine mtasema zaidi, maana yeye alipenda kukaa kibandani na redio." Watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. "Jina likaandikwa la mwanamume kwa sababu ndivyo mlivyoandika siku hizo. Sasa kafa, na mimi kumbe sikuwahi kuwepo. Mliniona kila Jumapili. Mlikula maharage yangu. Hakuna hata mmoja wa kamati aliyeweza kugonga mlango?"

Desmond akaisogeza ndoo pembeni, akapangusa karatasi zake.

"Sheria ni moja kwa wote," Desmond akasema.

Alwyn akanyoosha mkono. "Swali, Bwana Katibu. Namba thelathini na moja ni ya nani?"

"Ya dada yangu, Muriel. Unajua."

"Muriel kahamia Hispania mwaka wa nne huu. Anapaliliaje kutoka huko, kwa simu?"

Banda zima likaangua kicheko. Masikio ya Desmond yakawa mekundu. "Namshikia tu," akasema. "Ni ndugu."

"Na mimi nilikuwa nani?" Hilary akauliza. "Eh? Mpangaji wa Wilf?"

Mama mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Aibu," na mwingine akaitikia.

Kura zilipigwa mara mbili. Kwanza, mkataba wa namba kumi na saba, yote, juu na chini, uandikwe kwa jina la Hilary Sugden. Pili, namba thelathini na moja apewe Roshni Mistry, siku hiyo hiyo. Mtu mmoja akapendekeza na katibu abadilishwe. Desmond akauliza, kwa uchungu wa kweli, nani basi angependa kuandika barua na kufuatilia watu wa bomba la maji. Hakuna aliyeitaka ile kazi, akabaki nayo. Hilo lilimkera Hilary karibu sawa na yale mengine, akatoka na ndoo yake bila kumngoja mtu.

Aprili ilikuwa na mvua za kutosha. Alichimba mtaro upya, akaweka samadi iliyooza, akatandaza ile mizizi saba mmoja mmoja, miguu yake ikitazama nje pande zote, akaifukia. Vitunguu vilisimama. Maharage yalifika magotini na kutoa maua. Roshni alikuja mara kwa mara kuuliza: viazi vifukiwe kina gani, hiki ni nini kinachokula kabichi. Mwanzoni Hilary alimjibu neno moja moja bila kuinuka. Baadaye alianza kwenda mwenyewe hadi thelathini na moja kuangalia, akidai kwamba akimwachia ataharibu kila kitu.

Katikati ya Mei mizizi mitano kati ya ile saba ilitoa vichipukizi, vyembamba kama penseli. Si vya kukata. Ukivikata vikiwa hivyo unaua mmea, na baada ya kung'olewa namna ile ingehitaji miaka miwili mingine. Hilary angekuwa na miaka sabini na tatu.

Desmond alipita njiani na ubao wake, akasimama. Tangu mkutano walikuwa hawajasemezana.

"Naona imeota," akasema. "Basi kumbe haikuwa hasara kubwa, Hilary."

Hilary alikuwa anapandishia viazi udongo. Akasimamisha jembe, akanyoosha mgongo polepole, akamtazama.

"Mwaka huu ningekuwa nakula, Desmond," akasema. "Hebu nenda zako."

Desmond akabana ubao wake kwapani, akaenda zake.