Kidude cha Kiganjani

Mwaka jana Stanley, katibu wa tamasha la mavuno, alichomoa waya wa mashine ambayo Dominika alikuwa akionyeshea picha ukutani, mbele ya ukumbi mzima. Kisa ni picha moja tu: bomba la mtaani kwao, kavu kama mfupa, utepe wa uzinduzi bado unaning'inia. Akatangaza umeme umekatika. Na taa zote zinawaka! Watu wakacheka, wakasahau. Dominika hakusahau.

Mwaka huu akaunda kidude kisicho na waya cha kuchezesha picha ukutani zifuate ngoma. Cha kwanza kilikuwa na vitufe. Kidole chenye jasho kikateleza. Cha pili kiliitikia mkono ukiinuliwa. Akajikuna kichwa, picha zikatoka mbio. Cha tatu akakifunga kiganjani kwa mpira wa tairi, kikawa kinangoja kitu kimoja tu: viganja vikutane.

"Nani Ufipa hii atanikataza kumpigia mgeni makofi ya salamu?" alimwambia bibi yake, Kristiana.

"Utafungwa, we mtoto."

"Kwa adabu, bibi?"

Siku ikafika. Mapazia yamefungwa, sura ya mheshimiwa mgeni rasmi inatabasamu ukutani kama Stanley alivyoagiza. Mheshimiwa akaingia. Dominika akapiga magoti, akapiga kofi la heshima.

Pa! Bomba, utepe mwekundu, mheshimiwa na mkasi.

Pa! Bomba lilelile, utepe wa bluu, mkasi uleule, tumbo limeongezeka.

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Stanley akakimbilia chumba cha mitambo: kimefungwa, fundi kaenda kunywa chai na ufunguo wake. Akarudi anahema, akampokonya Dominika kidude, akakivaa mwenyewe akitafuta pa kukizimia.

Ndipo Bibi Kristiana alipomsogelea, akainama mbele yake, akapiga makofi taratibu.

"Habari za nyumbani, mwanangu?"

Mfipa aliyelelewa hamwachi bibi kizee na makofi yake hewani.

"Stanley, usithubutu!" mheshimiwa akanong'ona kwa ukali.

"Mbona huniitikii, baba? Nimekukosea nini?"

Hata wapiga ngoma walikuwa wakiitazama mikono ya Stanley.

Stanley akafumba macho, akakutanisha viganja.

Picha ilikuwa ya asubuhi ile: bomba kavu, foleni ya ndoo tupu, na wa kwanza kwenye foleni, amejishika kiuno, mama yake Stanley.