Jiko Linaloondoka Saa Kumi na Moja

Jumamosi ya kwanza ya Septemba, Orval Tveit alikuwa amepiga magoti juu ya ubao wa plaiwudi uwanjani kwake, penseli sikioni, akimwamuru dada yake ashike mwisho wa futikamba na aache kupumua.

"Nisipopumua nitakufa," alisema Wanda.

"Utakufa ukishamaliza kushika."

Walikuwa wanajenga kibanda cha kulala cha kukaa mgongoni mwa pikapu ya Wanda, chenye paa linaloinuka. Gari likiwa safarini paa limelala. Likisimama unalisukuma juu kwa mabega, kuta za turubai zinanyooka, na mtu mzima anaweza kusimama wima ndani na kuvaa suruali kwa heshima. Orval hakuchagua paa hilo kwa ajili ya uzuri. Kibanda chake cha kwanza alikijenga kirefu na imara, ndani ya banda la gari, akakitia hata kengele ya mlangoni, na siku ya kukitoa ndipo alipokumbuka kupima mlango wa banda. Kimebaki humo mpaka leo na kuku hawana malalamiko. Kila mtu katika bonde lile aliyewahi kujijengea kibanda amefanya kosa hilo, na ndiyo maana wakikutana husalimiana kwa unyenyekevu.

Wanda alikuwa mpishi wa shule ya Copper Fork, mji mdogo wa milimani huko Montana, na kwa muda mrefu alipanga nyumba namba kumi na nne Mtaa wa Larch. Mwenye nyumba alipofariki, mwanawe Bryce Colderwood alimweleza Wanda, kwa adabu kubwa, kwamba nyumba sasa itapangishwa usiku mmoja mmoja kwa wageni wanaokuja kuteleza kwenye theluji. Nyumba nyingine mjini hazikuwepo. Zote zilikuwa zimekwisha kufanyiwa adabu hiyo hiyo. Orval aliishi maili arobaini chini ya bonde, na barabara ya huko hufungwa theluji ikikaza, ilhali njaa ya watoto wa shule haifungwi na chochote. Kwa hiyo ama Wanda apate pa kulala mjini kabla ya baridi, ama aache kazi na auache mji alikozaliwa.

Mbao mpya zilikuwa ghali, basi wakafanya wanavyofanya wajenzi wote wa vibanda: wakaenda kwenye taka. Mafundi wa Bryce walikuwa wamerundika mbele ya nyumba vitu walivyong'oa, na fundi mmoja akawaambia wachukue watakacho, watamwokoa mgongo. Walichukua milango ya njano ya makabati ya jikoni, mbao za sakafu na dirisha la chumba cha kulala. Milango ikawa meza. Mbao zikawa kitanda. Dirisha likakaa mahali pa dirisha. Vyuma vya gesi vya kusaidia kuinua paa walivitoa kwenye milango ya nyuma ya magari mabovu.

Siku ya kulijaribu paa, Wanda aliingia, akaweka mabega, akasukuma. Turubai likanyooka na kutoa mlio wa shuka linalokung'utwa. Orval alibaki nje akikagua kona. Baada ya muda Wanda alitoka na kikombe cha kahawa kinachofuka moshi.

"Umepata wapi kahawa?" Orval aliuliza.

"Jikoni."

"Jikoni wapi? Jiko la gesi bado limo kwenye boksi."

"Jikoni kwangu."

Orval akachungulia. Nyuma ya turubai kulikuwa na jiko la Mtaa wa Larch, zima, na friji lake, na sinki lake, na sakafu inayoteremka kidogo upande wa mashariki. Mlango wa kushoto ulielekea chumbani, na kupitia dirisha la chumba ulionekana mtaa wenyewe na mbwa wa jirani akibweka, bila sauti. Orval akachukua futikamba. Kwa nje kibanda kilikuwa futi saba. Kwa ndani, kutoka mlangoni hadi kwenye friji, futi kumi na tisa. Alikasirika, kwa sababu alikuwa amepima mara mbili.

"Friji lile lina uzito gani?" aliuliza.

"Sijawahi kulibeba."

Akalala chini ya pikapu kwa tochi, akazikagua springi. Hazikuwa zimeshuka hata kidogo. Akatoka akijipangusa magoti, ameridhika.

"Maili arobaini ndani ya futi saba," alisema. "Mafuta tutakayookoa hayasemeki."

Wiki nzima Orval alifanya majaribio. Paa likiinuliwa nusu, jiko lilikuja nusu: sinki lilikuwepo lakini mabomba yake hayakuwepo. Mlango mmoja wa njano ukifunguliwa skrubu, friji lilitoweka. Ukirudishwa, friji lilirudi na barafu yake. Dirisha likitolewa, chumba cha kulala kilikwenda zake. Orval alitaka kujua kama bafu lingekuja nalo wakipata japo kigae kimoja. Wanda akakipata kigae hicho kwenye rundo la Bryce, Orval akakibandika kwa gundi, na bafu likaja. Maji ya moto yalichelewa kidogo kufika, kama yalivyochelewa siku zote.

Kilichobadilika ni milango ya makabati. Ilikuwa mipya, myeupe, haina vipini.

"Inafunguliwaje?" Orval aliuliza.

"Unaibonyeza."

"Ukiegemea je?"

"Vikombe vyote vinakutazama."

Mwishoni mwa Oktoba Wanda akahamia mjini na pikapu yake, akawa anaegesha nyuma ya maktaba. Wakati huohuo, namba kumi na nne, familia ya wageni kutoka Seattle ilifungua mlango wa jikoni ili ipike chakula cha jioni, ikakuta nafasi ndogo ya plaiwudi inayonuka gundi, paa usawa wa kifua. Wakampigia simu Bryce. Bryce alikuja, akainama, akaangalia, akagonga plaiwudi kwa vidole.

"Kazi nzuri," alisema. "Lakini haimo kwenye tangazo."

Usiku ule alilirekebisha tangazo. Aliongeza kwamba jiko, bafu na chumba kikubwa vinapatikana kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Wageni hawakupungua. Wengine walisifu kwamba mahali pale pana tabia yake.

Jioni moja Wanda aliinua paa akamkuta mwanamume jikoni, amevaa soksi, anakaanga mayai.

"Samahani," Wanda alisema, "uko kwenye pikapu yangu."

Mwanamume alitazama turubai, kisha mayai. "Nimalizie kwanza?"

"Malizia. Punguza moto, jiko hilo la nyuma lina hasira. Umeweka chumvi?"

"Sijaiona chumvi."

"Wameihamishia wapi wendawazimu hawa?" Wanda akabonyeza makabati moja baada ya jingine mpaka chumvi ikapatikana. Wakala pamoja. Mwanamume aliitwa Desmond, daktari wa meno, na alikuwa na hamu ya kujua mambo mengi: paa lina uzito gani, turubai linavumilia upepo wa namna gani, na Wanda alikaa nyumba ile miaka mingapi kabla ya kutolewa. Wanda alijibu yote. Swali la mwisho alilijibu huku akiosha kikaango. Desmond akasema hiyo ni huzuni kubwa, kisha akauliza kama atapata viatu, maana alitakiwa kurudi kwa miguu kwenye theluji. Wanda akamwazima vyake. Alikwenda zake Mtaa wa Larch visigino vikining'inia nje, na kesho yake akavirudisha pamoja na chupa ya mvinyo. Alikuwa amelipia siku tano zaidi.

Orval alipopata njia ya kupanda mjini, aliona jambo lile ni rahisi.

"Usilishushe paa," alisema. "Acha limeinuka mpaka kiama. Nyumba itakuwa yako."

"Trekta la kuzoa theluji linapita kila asubuhi. Gari lisiloondoka linavutwa."

"Basi liondoe likiwa limeinuka."

"Na waya za umeme?"

Orval akazitazama waya za umeme kwa chuki.

Desemba, afisa wa polisi Kayleen Stroud alibisha kwenye turubai. Sheria ya mji inakataza kulala ndani ya gari. Kayleen alikuwa amekula chakula cha Wanda tangu darasa la kwanza, kwa hiyo alivua kofia.

"Bi Wanda, shikamoo. Unalala kwenye gari?"

"Marahaba. Silali kwenye gari, mwanangu. Nalala chumbani, namba kumi na nne Mtaa wa Larch. Ingia uone, futa miguu."

Kayleen alifuta miguu, akaingia, akakiona kitanda, akatazama dirishani, akauona Mtaa wa Larch. Aliandika kwamba hakukuta mtu aliyelala ndani ya gari. Kisha, kwa kuwa ni mwaminifu, akaandika kwamba amemkuta mtu kwenye nyumba asiyoipanga.

Shauri likapelekwa mbele ya baraza la mji. Ukumbi ulijaa, wengi wakiwa wamekuja kujua Orval alitumia gundi gani. Mwenyekiti alisikiliza pande zote kwa makini na kutoa uamuzi: Wanda Tveit halali kwenye gari, kwa hivyo hana faini. Analala kwenye nyumba ya mtu, lakini haingii kwa mlango wa nyumba hiyo, kwa hivyo si mvamizi. Bryce Colderwood akasimama akasema hana kinyongo. Anachoomba tu ni vyumba virudi mapema na virudi vikiwa safi.

Mwanamke mmoja wa safu ya nyuma akanyoosha mkono. "Kama nyumba inamtosha Wanda na wageni pamoja," aliuliza, "kwa nini asipangishwe Wanda?"

Bryce aliangalia viatu vyake. Mwenyekiti akashukuru kwa swali na kupitisha ajenda iliyofuata, ambayo ilikuwa rangi ya mabenchi ya bustani. Hiyo ilijadiliwa kwa muda mrefu na kwa hisia kali.

Nje, Bryce alimfuata Wanda kwenye maegesho. Alikuwa na pendekezo. Mfanyakazi wake wa usafi ameacha kazi, amekosa pa kuishi mjini.

"Wewe uko humo tayari," alisema. "Ukibadilisha mashuka na kuosha vyombo kabla ya kushusha paa, mimi sitakuwa na neno, na wala sitawaagiza mafundi waifuate milango ile ya njano. Tusaidiane tu."

Orval alingoja mpaka Bryce alipoondoka. "Wanda! Unamfulia huyo mashuka bure?"

"Nafua mashuka yaliyo kitandani kwangu."

"Ni ya wageni!"

"Wageni wameyalalia mchana. Usiku nayalalia mimi." Akafungua mlango wa kibanda. "Unaingia unywe kahawa, au unabaki huko nje kupigana na theluji?"

Orval aliingia. Aliketi mezani kwa Wanda, akamaliza kikombe. Kisha akaanza kuulizia kama chumba kidogo cha nyuma nacho kingekuja, wakipata japo kitasa.

Baridi ilikuwa kali mwaka ule na Wanda hakukosa siku hata moja shuleni. Kila asubuhi, kabla ya mwanga, aliosha glasi za watu asiowajua, akakunja taulo, akafuta alama za vidole kwenye makabati meupe, akajipikia uji. Kisha akatoka, akavuta paa likalala, akafunga ndoano za kona zote nne, akawasha gari. Njia ya shule ilipita Mtaa wa Larch. Alipofika mbele ya namba kumi na nne taa ya jikoni ilikuwa imekwisha kuwashwa, na mtu fulani, mwenye nywele zilizovurugika, alikuwa anabonyeza makabati akitafuta chumvi. Wanda hakusimama. Upande ule wa barabara palikuwa na kibao kipya kinachosema kwamba maegesho ni ya wageni tu.